Uvira: Anteni mbili kwenye mulingoti mumoja, na picha inapotea

Usiku, mutu akisimama kando ya ziwa pale Kalundu, anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Kutoka Uvira mupaka kule ni kilometa karibu 26 kwa mustari ulionyooka, na katikati hakuna kilima wala pori wala jengo, ni maji ya Tanganyika tu. Mahali jicho linafika bila kuzuiwa, mawimbi ya televizyo nayo yanafika. Ndiyo maana anteni ya inje iliyosimamishwa Mulongwe, Kimanga ao Kavimvira inapata kazi rahisi ikitazama ziwa na kugeuzia milima mugongo.

Shida inaanza siku mwenye nyumba anapotaka kitu zaidi ya Bujumbura. Anataka pia mutambo wa upande wa Kongo, kwa sababu bei ya unga katika soko la Mulongwe na hali ya barabara ya Kamanyola si habari za televizyo ya inchi jirani. Basi anafunga anteni ya pili kwenye mulingoti uleule, anaielekeza upande mwingine, anachuna waya zote mbili kwa kisu, anazisokota pamoja, anafunga kwa skochi, na waya moja inaingia ndani ya nyumba. Katika mawazo yake amejumlisha. Akiwasha, chaneli moja ya ziada imekuja, tatu za zamani zimepotea, na ile ya Bujumbura iliyokuwa safi tangu mwaka jana inakatakata.

Hapo mumoja atasema anteni ni mbovu, mwingine atasema waya, na wa tatu atamushitaki fundi. Mara nyingi kosa liko katika hesabu yenyewe. Anteni mbili hazijumlishwi kama franka.

Sikio lenye upande mumoja

Anteni ya inje inayojulikana sana, ile ya chuma kirefu chenye vijiti vingi kama mufupa wa mukeke uliokwisha kuliwa, inaitwa Yagi. Ilitoka Japani katika mwaka wa 1926, kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa chuo kikuu cha Tohoku. Katika vijiti vyote hivyo, kimoja tu ndicho kimefungwa na waya. Vile vya mbele, vifupi, vinaelekeza mawimbi kwa hicho kimoja. Kile cha nyuma, kirefu kidogo, kinayarudisha. Kwa hiyo anteni inasikia sana mbele, kidogo pembeni, na karibu bure nyuma.

Uziwi huo wa nyuma una faida Uvira kuliko katika miji mingi. Nyuma ya muji kuko milima ya Mitumba, inayopita meta 2000, na ziwa lenyewe liko karibu meta 770 tu. Ukuta huo unarudisha mawimbi yanayotoka Burundi kama unavyorudisha sauti ya ngurumo. Ikiwa mulima uko kilometa 3 nyuma ya nyumba, wimbi lililougonga linafika kwenye anteni likiwa limetembea kilometa 6 zaidi, na limechelewa sehemu 20 za milioni ya sekunde. Inaonekana si kitu. Lakini televizyo ya zamani ilikuwa na sehemu 64 tu za milioni ya sekunde kwa kuchora mustari mumoja wa picha, kwa hiyo kivuli kilitokea mbali, zaidi ya theluthi moja ya skrini upande wa kuume. Wenye umri wanakumbuka mutangazaji wa habari aliyesoma akiwa na pacha wake mweupe pembeni. Pacha huyo alikuwa mulima.

Mutu anapofunga anteni ya pili ikitazama milima, na kuisokota na ya kwanza, anafungulia mwangwi ule mulango ambao anteni ya kwanza ilikuwa imeufunga. Sasa habari ya Bujumbura inaingia nyumbani mara mbili: mara ya kwanza kutoka ziwani, mara ya pili, ikichelewa, kutoka mulimani.

Nusu inayopotea njiani

Kuna pia hasara ambayo macho hayaioni. Nguvu iliyokamatwa na anteni ya mashariki, ikifika mahali waya zinakutana, haiingii yote katika televizyo. Hata kwa kisanduku kizuri cha kuunganisha, karibu nusu yake inabaki pale ao inapanda tena kwa anteni ya pili na kurudi angani. Mafundi wanaiita hasara ya desibeli 3, na kisanduku chenyewe kinaongeza kidogo juu yake. Anteni ya pili nayo inapoteza nusu yake vilevile. Kwa waya zilizosokotwa kwa mukono ni mbaya zaidi, kwa sababu waya ya anteni imetengenezwa kwa omu 75, na mbili zikifungwa pamoja zinakuwa kama moja ya omu 37 na nusu, ambayo televizyo haikutengenezwa kuipokea.

Kwa mutambo wa Bujumbura, unaokuja juu ya maji bila kizuizi, nusu inaweza kutosha. Anayeumia ni yule dhaifu, na mara nyingi ni huyo huyo aliyesababisha anteni ya pili inunuliwe.

Halafu kuna jambo la sentimeta. Wimbi la frekansi ya megahezi 500 lina urefu wa sentimeta 60 hewani, na ndani ya waya linajikunja mupaka kati ya 40 na 50. Kama anteni zote mbili zinasikia mutambo mumoja, hata moja ikisikia kidogo tu kwa ubavu, sauti hizo mbili zinakutana kwenye muunganiko. Zikifika pamoja, zinasaidiana. Waya moja ikiwa ndefu kuliko nyingine kwa sentimeta 20 ao 25, wimbi moja linapanda wakati lingine linashuka, na yanakulana. Frekansi inayofuata ina urefu mwingine, na kwa hiyo bahati nyingine. Hapo ndipo inatoka ile ajabu ya chaneli moja kupona na jirani yake kufa, na ya fundi anayekata kipande kidogo cha waya bila kugusa anteni na kuona picha inarudi. Amerekebisha kitu kweli, ila hawezi kuahidi kwamba amerekebisha chaneli zote.

Anteni mbili za namna moja, zikitazama upande uleule, zikifungwa moja juu ya nyingine kwa waya zenye urefu sawasawa kabisa, hizo zinaongezana kweli. Faida inakaribia mara mbili. Watu wanasikia habari hiyo, ambayo ni ya kweli, na wanaipeleka kwa anteni zinazotazama pande mbili tofauti, ambako si ya kweli.

Upande unabadilika kufuatana na pwani

Wengi wananakili jirani: anteni yake inatazama kule, na yangu itazame kule. Katika muji inafaa. Kutoka Uvira, Bujumbura iko mashariki kabisa. Lakini kutoka Sange, katika uwanda wa Ruzizi, iko kusini-mashariki, na kutoka Baraka, kusini katika teritwari ya Fizi, iko kaskazini, ikivutika kidogo tu mashariki. Familia iliyotoka Uvira kwenda Baraka na kufunga anteni kama ilivyozoea inatazama maji matupu. Pia mule Uvira, aliyehama kutoka kando ya ziwa na kwenda kwenye vilima anaweza kupata mutazamo muzuri kuliko zamani. Aliyejenga ndani ya bonde la muto Mulongwe, na ubavu wa kilima ukimuzuia upande wa ziwa, hana mutazamo hata kama amepanda juu.

Bukavu iko kilometa zaidi ya 100 upande wa kaskazini, na milima inakaa katikati. Hakuna mulingoti wa mianzi wala wa chuma utakaoiruka. Kigoma, kwa maji, iko karibu kilometa 175. Hapa kuna hesabu rahisi ambayo mafundi wanaitumia: anteni iliyo meta 6 juu ya ardhi inaona, kwa macho ya redio, karibu kilometa 10, mutambo ulio meta 100 juu ya ziwa unaona kilometa 41. Jumla ni 51, na duara la dunia linaficha yaliyobaki. Mutambo uliosimama juu ya mulima, meta 1000 juu ya maji, unafika kilometa 130. Kwa hiyo milima ya Burundi inahudumia pwani ya Kongo bila hata kukusudia.

Kuna usiku ambapo hewa yenye joto inalala juu ya hewa baridi ya ziwa na mawimbi yanapinda, yanafuata maji na kufika mbali kupita kawaida. Mutu anaamka, anakuta chaneli ya kigeni, anafurahi. Kesho yake haiko. Kununua anteni ya pili kwa ajili ya usiku ule ni kama kujenga kioski kwa ajili ya soko la siku moja.

Kwa nini wanaitaka hata hivyo

Yote hayo yanaweza kumufanya mutu aulize kwa nini wakaaji wanahangaika. Jibu liko katika miaka 10 iliyopita ya pwani hii.

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la kumupindua Rais Pierre Nkurunziza, RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Redio-Televizyo Renaissance zilishambuliwa na kunyamaza, na watu wakapigana kando ya jengo la RTNB, redio na televizyo ya taifa. Nyumba ya Uvira yenye sikio moja, upande wa ziwa, ilirithi ukimya wa watu wengine. Na wakimbizi walikuwa wanavuka.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu-fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, Leopards wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mukono mumoja umefunika mudomo, vidole viwili vya mukono mwingine kwenye kipaji kama bunduki, kwa ajili ya mauaji ya mashariki mwa inchi. Kongo ilishindwa 1-0. Katika Kivu, watu wengi wanakumbuka vidole vile kuliko goli. Kuiona picha hiyo, na kuisikia ikielezwa na Mukongo, ni vitu viwili.

Na katika Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihamia Uvira. Muji uliozoea kungoja habari kutoka kwingine ukawa ndio habari. Simu ilileta uvumi kwa saa, ukweli na uongo katika ujumbe uleule. Mutu aliyetaka kulinganisha alihitaji angalau midomo miwili, na midomo hiyo haiko upande mumoja wa ziwa.

Dijitali haikumaliza kazi

Wengi walitumaini kwamba dijitali ingeondoa mambo ya anteni. Katika mapatano yaliyofanywa Geneva mu mwaka wa 2006, inchi za Afrika na Ulaya zilikubaliana tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa kulinda analoji ya UHF. Tanzania ilianza mapema na kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mapatano hayohayo yaligawa frekansi kwa inchi, jambo linaloigusa Uvira moja kwa moja, kwa sababu mupaka uko mulangoni: mutambo wa Kongo na wa Burundi ikikaa kwenye frekansi moja, hakuna anteni itakayoitenganisha vizuri kwa mutu aliye katikati. Kazi ya kuangalia mambo ya frekansi iko mikononi mwa ARPTC upande wa Kongo na ARCT upande wa Burundi.

Dijitali inavumilia mwangwi wa mulima kuliko analoji. Yule pacha mweupe amekufa. Lakini haina huruma kwa ishara dhaifu. Analoji ikipungua nusu ilionyesha theluji, na watu waliendelea kutazama mupira ndani ya theluji. Dijitali iliyo pembeni ya uwezo wake, ukiipunguza nusu, inavunjika vipande na skrini inakuwa nyeusi. Tena frekansi moja inabeba chaneli nyingi: ikianguka, zinaanguka zote pamoja. Ndiyo maana waya zilizosokotwa, zilizosameheka wakati wa analoji, siku hizi zinaadhibiwa palepale.

Wenye kutumia parabole waliyajua haya tangu zamani bila kuyaita hivyo. Mutu mwenye vichwa viwili vinavyotazama setelaiti mbili hasokoti waya zao. Anaweka kibadilishaji kinachosikiliza kichwa kimoja kwa wakati mumoja, kwa amri ya dekoda. Kwa anteni za kawaida, dawa ya kwanza ni hiyo hiyo: waya mbili zishuke mupaka ndani, na karibu na televizyo kuwe kibonyezo cha kuchagua ziwa ao muji. Hakuna nusu inayopotea, wala mwangwi. Kinachosumbua ni dekoda, maana nyingi, zikiambiwa zitafute chaneli upya, zinafuta orodha ya zamani. Anayechagua kibonyezo anapaswa kutafuta kwa automatiki upande wenye chaneli nyingi, kisha kuongeza za upande wa pili kwa mukono, frekansi moja moja.

Dawa ya pili inafaa pale ambapo upande mumoja uko VHF na mwingine UHF. Kuna kisanduku chenye milango miwili, mumoja unapitisha VHF peke yake, mwingine UHF peke yake. Hapo waya zinaungana bila kuibiana, kwa sababu kila mumoja amefungiwa mulango wa mwenzake. Kinafanana sana na kisanduku cha kawaida cha kuunganisha, na mara nyingi bei yake inafanana pia. Mununuzi asome maandishi yaliyo juu yake kabla ya kulipa.

Ya tatu haitaji duka. Anteni moja juu ya mulingoti unaozunguka, mutoto inje, mama ndani akipiga kelele "bado, bado, hapo hapo!" Wanaoidharau wasisahau kwamba anteni hiyo inabaki na nguvu zake zote.

Mutambo mudogo wa kuongeza nguvu unasaidia tu ukiwekwa juu, karibu na anteni dhaifu, kabla ya muunganiko. Ukiwekwa chini, karibu na televizyo, unakuza pamoja na picha kelele zote zilizoingia njiani. Na unakula umeme, ambao unapanda kwa waya ileile ya anteni. Kisanduku cha kuunganisha kisichopitisha umeme huo kinauacha mutambo umekufa, na mutambo uliokufa unazuia picha kuliko kama haungekuwepo. Waya zilizosokotwa nazo zinaweza kupeleka umeme huo kwenye anteni ya pili na kuunguza chaja. Kuna pia kesi ndogo inayochekesha kidogo: umeme wa SNEL unakatika, familia inahamisha televizyo kwenye batri ya jua, lakini chaja ya anteni inabaki kwenye priza ya SNEL. Picha haiji, na mutu anapanda kwenye paa usiku kutafuta kosa ambalo liko nyuma ya kabati.

Kupanda huko kwenyewe si jambo la kuchezea. Mulingoti wa chuma chini ya milima hii, wakati wa mvua, unangojea radi. Inatakiwa waya nene ya shaba kutoka mulingoti mupaka chuma kilichozikwa ardhini, na mulingoti usisimame karibu na nyaya za umeme kiasi cha kuziangukia. Mahali waya zinapokutana pafunikwe vizuri na pawe na kizingo kinachoshuka chini kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke pale. Skochi peke yake inafunguka kwa jua la msimu mumoja, na mvua ya kwanza ya Septemba inaingia ndani ya waya na kushuka taratibu mupaka kwenye dekoda.